Mwokaji Anayemwogopa Mwanakondoo

NAZLAT HANNAS, Minya

Saa nane na nusu usiku, Wanis Bakhum anavua viatu mlangoni, ananawa mikono mara tatu na kuingia kwenye chumba kidogo nyuma ya Kanisa la Mtakatifu Marko. Hasalimii mtu. Midomo inacheza kwa Zaburi, na viganja vimezama kwenye unga mpaka juu ya vifundo.

Chumba hicho Wakopti, Wakristo wa Misri, wanakiita Bethlehemu. Kuna tanuri, meza ya mbao iliyolika katikati, magunia mawili ya unga na taa moja inayoning'inia kwenye waya. Chumvi haiingii humu. Mwanamke haingii, na yeyote aliyeweka kitu mdomoni tangu usiku wa manane, hata maji, anabaki nje ya kizingiti.

Mwandishi wa makala haya aliruhusiwa kukaa pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu alikuwa amefunga, na kwa sababu alikuwa amemganda kasisi wiki mbili nzima.

Unga, maji, na bonge la chachu lililobaki kwenye donge la mara iliyopita. Hakuna kingine kinachotiwa. Wanis anakanda bila kuzungumza, anakata madonge, anayabonyeza kuwa duara, kisha anagonga kila moja kwa chapa ya mbao yenye misalaba kumi na miwili pembeni na mkubwa katikati. Kisha anachukua kijiti na kutoboa vitundu vitano kuuzunguka ule mkubwa.

Siku ya Jumapili anaoka mikate themanini na miwili. Sabini na mitano inagawiwa waumini baada ya misa. Saba iliyo bora inapelekwa kwenye mlango wa madhabahu, watu wakiimba "Bwana, utuhurumie" mara arobaini na moja, na kati ya saba hiyo kasisi anachagua mmoja.

Huo mmoja, tangu hapo, hauitwi mkate tena. Unaitwa Mwanakondoo. Usiwe na ufa, usiwe umeungua, usiwe na lengelenge wala unywele. Kila kinachomnyima Wanis usingizi kimo ndani ya sentensi hiyo.

Ukutani, juu ya tanuri, kuna simba. Ni simba wa Mtakatifu Marko, aliyechorwa miaka mingi iliyopita na fundi ambaye ni wazi maishani mwake aliwahi kuona paka tu. Kati ya miguu yake ya mbele amelala mwanakondoo mweupe, mdogo, ameinamisha kichwa.

"Watoto wakichungulia hapa wanamwogopa huyo mkubwa," anasema Wanis baada ya kusukuma chano cha kwanza tanurini. "Mimi simwogopi. Miaka thelathini na moja ananitazama nikikanda, tumezoeana. Ninayemwogopa ni huyo mdogo."

Unamuuliza kwa nini, anacheka kwa pua na kufungua mlango wa tanuri ambao haukuhitaji kufunguliwa.

Wanis ana miaka hamsini na minane. Kazi hii aliirithi kwa ami yake, aliyekufa akiwa ameshika kijiti cha kutobolea. Kanisa linampa pauni elfu tatu kwa mwezi, fedha ambayo mkewe, Nargis, anasema inatosha kununulia sabuni ya kufulia unga kwenye nguo zake. Wanaishi kwa robo feddani, kama robo ekari, ya majani ya mifugo na nyati mmoja wa maziwa. Binti yao pekee, Marina, ameolewa Iskandaria.

"Siku ya kwanza ami aliniambia maneno machache tu," anakumbuka. "Alisema, 'Ukiharibu unga, unga upo. Ukimharibu Mwanakondoo, sijui nikwambie nini.' Akanyamaza. Hakunimalizia mpaka leo, na angalau angenimalizia ningelala."

Katika miaka hiyo yote hajawahi kukosa Jumapili, na hajawahi kukosa kushiriki komunyo. Kijijini watu wanahesabu mambo haya. Mwokaji asipokwenda mbele kupokea, ujue jioni kila ukumbi wa nyumba una maelezo yake: kapigana na mkewe, kala rushwa ya unga, kaficha dhambi.

Jumapili hii ni ya tatu ya Kwaresima. Mwaka huu imeangukia katikati ya Ramadhani, kwa hiyo Nazlat Hannas nzima, msikiti na kanisa, imefunga kwa pamoja. Hata mbwa wa sokoni wamekonda.

Yaliyofuata asubuhi hiyo mwandishi aliyaona kwa macho yake, na hakuwa amejiandaa kuyaona.

Saa kumi na mbili na dakika kumi mikate yote ilikuwa imeshatoka. Sala ya asubuhi ilikuwa imeanza, na sauti ya kasisi, Abuna Bisenti, ilikuwa inapenya ukutani. Ni sauti nzito. Wenyeji wanasema Abuna akihubiri, punda nje wanasimama. Mlango ukagongwa.

Alikuwa Nargis. Alisimama nje ya kizingiti, kitambaa cheusi kimemteleza kichwani, mkononi ameshika bakuli lililofunikwa.

"Baba Marina."

"Nasali, mwanamke."

"Acha kusali kidogo. Umechukua bakuli langu."

Inabidi ielezwe hapa. Usiku wa baridi Wanis hupeleka chachu ya kanisa nyumbani, ikae karibu na jiko isife. Inakaa kwenye bakuli la bati lenye ukingo wa buluu. Nargis naye ana chachu yake ya mkate wa jua, ule wanaouumua juani juu ya paa, na bakuli lake lina ukingo wa kijani. Ili chachu yake isichachuke kupita kiasi, Nargis huitia chumvi.

"Haiwezekani," alisema Wanis.

"Lako hili hapa. Nimeinuka kwenda kukanda, nikalikuta."

Wanis alilichukua bakuli lililokuwa mezani, tupu sasa, akalipeleka chini ya taa. Akaligeuza. Akalisogeza usoni, karibu, halafu karibu zaidi, mpaka pua ikagusa bati. Nargis alikuwa anamtazama jinsi anavyolisogeza. Uso wake ukabadilika.

"Huo ukingo ni rangi gani?" aliuliza taratibu.

"Kwani wewe unaona rangi gani?"

"Nimekuuliza wewe."

Wanis aliliweka bakuli chini. "Naona bakuli," alisema.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa mjini alimwambia wakati wa mavuno ya ngano, akamwandikia karatasi ya upasuaji, na karatasi hiyo Wanis aliikunja akaiweka ndani ya kitabu cha Zaburi. Hakumwambia mtu. Tangu hapo amekuwa anaoka kwa vidole: anapapasa kutafuta nyufa, ananusa kutambua palipoungua. Kwa miezi kumi alikuwa anapeleka mikate saba kwenye mlango wa madhabahu na kukimbilia nje asione Abuna anavyochagua, kama angeweza kuona.

"Miezi kumi," alisema Nargis. "Na mimi nakupikia, nakufulia, nalala ubavuni mwako."

"Ningekwambia ungemwambia Abuna."

"Ningemwambia, ndiyo."

"Na Abuna angemleta mwokaji mwingine. Halafu mimi niwe nani hapa kijijini? Mzee wa kumsindikiza nyati?"

Nargis aliliweka bakuli la buluu kwenye kizingiti. Wanis akauliza kitu kilichokuwa kinamuuma zaidi.

"Jana ulitia chumvi?"

"Huwa natia."

"Sijakuuliza huwa. Jana."

Nargis alifumba macho akakumbuka kwa shida. "Nilikuwa nakanda, Marina akapiga simu, mtoto wake ana homa. Niliporudi... sijui kama nilikuwa nimeshatia, au nilisahau kabisa. Wallahi sijui."

Ukutani sauti ya Abuna ilikuwa inaendelea. Ilikuwa imebaki chini ya saa moja kabla ya shemasi kuja kumwita apeleke ile saba. Donge jipya linataka saa mbili na nusu kuumuka.

Njia ya kujua ilikuwa moja, nayo ni kuonja. Lakini anayeonja amefungua, na aliyefungua hashiriki. Kwa Wanis ilimaanisha kukaa nyuma kanisani mbele ya watu mia tatu, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, na kuulizwa sababu. Sababu ingekuwa macho.

"Nipe nionje mimi," alisema Nargis na kunyoosha mkono juu ya kizingiti.

Wanis aliurudisha mkono wake. "Macho yangu yakosee, adhabu ubebe wewe? Hapana."

Kisha wote wawili, mume na mke, wakageuka kumtazama mtu aliyekaa juu ya ndoo.

Mwandishi wa makala haya angependa kuandika kwamba alisimama akajitolea. Hakusimama. Alikuwa ameahidi kushiriki siku hiyo, mama yake alikuwa amemwombea kwa ajili hiyo, na alitazama sakafu mpaka wakaacha kumtazama. Aibu hiyo bado anayo anapoandika.

"Hajati Sabriya," alisema Wanis ghafla. "Ana sukari. Daktari amemkataza kufunga."

Alifunga mikate miwili kwenye kitambaa na kuvuka kichochoro, mkono mmoja ukipapasa ukuta, mwandishi akimfuata. Safari hii hakujificha tena.

Hajati Sabriya ana miaka sabini na minane na ni jirani wa mlango kwa mlango na kanisa. Alikuwa amekaa nyuma ya pazia, sahani ya jibini imefunikwa kwa gazeti.

"Wanis! Umetumwa kunipeleleza?" alisema. "Nina ruhusa ya daktari, na ya sheikh ninayo. Lakini ukiwaambia wale wake wa wanangu kwamba umenikuta natafuna, nitakulaani wewe na nyati wako."

"Mama, sijaja kwa hayo. Nisaidie kitu. Onja huu, uniambie kama una chumvi."

"Mkate wenu wa kanisani? Huo ambao huwa mnaniletea mchana?"

"Huohuo. Ila leo naogopa umeharibika."

Hajati alimega, akatafuna kwa upande wenye meno, akaangalia dari. Wanis alikuwa amesimama ameshika mwimo wa mlango.

"Hauna chumvi," alisema Hajati.

Wanis alishusha pumzi ndefu. "Una uhakika, mama?"

"Uhakika nautoa wapi? Presha imeninyima chumvi miaka sita. Ukinilambisha jiwe la chumvi sasa hivi nitakwambia ni peremende." Akamega tena. "Muulize mtu mwenye ulimi."

"Wenye ndimi wote wamefunga."

"Hapo sasa umekwama kweli." Hajati alimtazama kwa muda, na mzaha ukamtoka usoni. "Mbona umekuwa mweupe hivyo, mwanangu? Kwani ukikosea, huyo Mwanakondoo wenu atakufanya nini? Si kondoo tu?"

Hapo ndipo mwandishi alipopata jibu alilonyimwa alfajiri.

"Angekuwa simba nisingeogopa," alisema Wanis. "Simba ukimkosea anakurukia, anakumaliza, umelipa, yameisha. Huyu hakurukii. Unamletea mkate mbovu, anaupokea. Unamchoma mkuki, hasemi kitu. Unakwenda nyumbani, unakula, unalala, na bado hajasema kitu. Hajati, mtu asiyekukaripia unamlipaje?"

Hajati Sabriya alikunja kitambaa juu ya mkate uliobaki na kumrudishia.

"Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo," alisema. "Heri angenipigia kelele. Nenda, wamefika wapi huko?"

Wanaimba, alisema Wanis, na kweli walikuwa wameanza: Bwana, utuhurumie. Ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Alirudi haraka kuliko macho yake yalivyoweza, akajigonga bega kwenye kona ya ukuta. Shemasi alikuwa ameshafika mlangoni pa Bethlehemu, anangoja kumsindikiza na chano. Wanis akamwambia asubiri. Nargis alikuwa palepale kizingitini, ameziba mdomo kwa kitambaa chake.

Wanis hakuingia ndani. Alisimama nje, akakunjua kile kitambaa, akachukua kipande alichobakiza Hajati. Alifanya ishara ya msalaba. Mkono wake ulipofika mdomoni ulisita, ukashuka, ukapanda tena. Kanisani walikuwa wamefika kumi na tano, au kumi na sita.

Alikula.

Alitafuna polepole, macho yamefumbwa, na machozi yakaanza kumshuka kabla hajameza. Nargis hakuhitaji kuuliza.

"Ipo," alisema Wanis. "Kidogo sana, lakini ipo."

Shemasi alipogundua kinachozungumzwa, alisema maneno ambayo huenda wengi wetu tungeyasema. "Ami Wanis, kama ni kidogo sana, nani atajua? Chukua hiyo saba twende. Watu wanangoja."

"Mimi nimejua," alisema Wanis.

Aliingia kanisani mikono mitupu. Wimbo ukapungua, ukafa ukiwa katikati ya hesabu, maana mwokaji huingia hapo na chano au haingii kabisa. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa madhabahu, akasimama chini ya ngazi. Abuna Bisenti, mtu wa futi sita na ndevu mpaka kifuani, akatokeza nje ya pazia.

Huyu ndiye kasisi aliyewahi kuisimamisha misa nzima kwa sababu simu ya mtu ililia. Wanis alinong'ona, lakini kanisa lilikuwa limenyamaza kiasi kwamba safu za mbele zote zilisikia.

"Abuna, mkate una chumvi. Nimeuonja, nimefungua. Nilichukua bakuli la nyumbani kwa sababu sioni. Sijaona vizuri tangu mavuno, na sikukwambia."

Abuna hakusema neno. Wanis alikuja kusema baadaye kwamba dakika hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote za asubuhi ile. "Nilikuwa nimejikaza kusubiri sauti yake. Nilitaka aningurumie. Nikasikia kimya."

Hatimaye kasisi aliuliza, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, "Unahitaji muda gani?"

"Saa mbili na nusu. Lakini nimekula, Abuna. Siwezi kuingia Bethlehemu."

Kanisa la kijiji cha jirani lilikuwa limeshaanza misa yake, na mikate yake yote ilikuwa imeshabarikiwa. Abuna alifikiri kidogo. Kisha akavua joho la misa, akamkabidhi shemasi na kuwageukia waumini.

"Tunasubiri mkate," alisema. "Anayetaka kwenda nyumbani aende, ila asiguse chungu. Wengine endeleeni na Zaburi."

Hakuna aliyeondoka isipokuwa mzee mmoja aliyekwenda kumfunga nyati wake, naye alirudi.

Basi ikawa hivi. Abuna Bisenti alivua viatu, akanawa mara tatu na kuingia Bethlehemu, mikono imekunjwa mpaka viwikoni. Wanis alikaa chini nje ya kizingiti. Nargis alisimama nyuma yake akimulika ndani kwa taa ya simu, maana taa ile moja haikutosha.

"Maji hayo mengi," alisema Wanis. "Nasikia yanavyolia."

"Kweli ni mengi," alisema Nargis. "Donge linang'aa."

"Ongeza unga, Abuna. Sasa kanda. Taratibu. Unakanda kama unampiga mtu."

"Nakanda kama nilivyofundishwa na mama yangu."

"Mama yako alikuwa anawapa ninyi, wenye njaa. Huyu Mwanakondoo hana haraka na wewe. Sukuma kwa kiganja, usichimbe kwa vidole."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mtu alicheka, na alikuwa Abuna mwenyewe, jasho likimchuruzika kwenye ndevu. Lakini Wanis hakucheka. Wakati donge linaumuka karibu na ukuta wa tanuri, wote wakiwa hawana la kufanya, aliuliza.

"Abuna, katika miezi hii kumi, niliwahi kukuletea mibovu?"

Abuna Bisenti alikuwa anafuta mikono.

"Uliniletea," alisema.

"Mara ngapi?"

"Tangu baridi ilipoanza, karibu kila Jumapili. Mmoja una ufa, mmoja umeungua chini, vitundu vimekaa vinne. Kuna siku katika saba mizuri ilikuwa miwili. Siku nyingine mmoja."

"Na ulinyamaza."

"Nilichagua huo mmoja."

"Ulijua sioni?"

"Nilijua kuna kitu. Nilingoja uniambie."

Wanis aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Nargis alimwekea mkono begani, na taa ya simu ikawa inamulika ardhi.

"Siku moja usingekuwepo hata huo mmoja," alisema Wanis kutokea pale chini. "Ungefanyaje?"

"Hilo ndilo lililokuwa linaniogopesha mimi," alisema Abuna. "Usidhani ulikuwa peke yako. Nilikuwa nikisikia hatua zako unaleta chano, moyo unanienda mbio. Nilitakiwa nikuulize mapema. Sikukuuliza kwa sababu nilikuonea huruma, na huruma yenyewe sijui kama ilikuwa kwa ajili yako au ya uoga wangu. Nisamehe."

Mikate ya Abuna ilitoka saa nne na nusu. Ilikuwa vioja. Mingine ilikuwa mikubwa kama visahani, mingine imeinama upande, na chapa kwenye nusu yake ilikuwa imeteleza. Nargis aliikagua kutoka kizingitini, mmoja baada ya mwingine, Abuna akiinua juu ili aione. Huu una ufa. Huu umepasuka lengelenge. Huu, vitundu umesahau. Walipata saba kwa tabu, na kati ya saba mmoja ulikuwa duara kamili, mweupe, umekaa sawa.

"Huo," alisema Nargis.

"Una nini?" aliuliza Wanis.

"Hauna kitu."

Walianza kuhesabu upya tangu moja. Wanis alisimama nyuma kabisa, karibu na viatu vya watu, na safu zilipokwenda mbele kupokea yeye alibaki. Watu waligeuka kumtazama, kama alivyojua wangegeuka. Kina mama wawili walinong'onezana. Alisimama hivyohivyo, mikono imeshikana mbele, mpaka mtu wa mwisho akapita.

Jioni hiyo mwandishi alimkuta kwenye ukumbi wa nyumba yake, ameshika ile karatasi ya daktari iliyokunjwa mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Upasuaji ni pauni elfu kumi na nne kwa jicho moja, na Marina na mumewe wameahidi la kwanza. Ameshapewa siku, wiki ya pili baada ya Pasaka, huko Minya mjini. Mpaka hapo Abuna amesema Wanis atakanda yeye, na Nargis atakagua akiwa kizingitini na taa yake.

Je, anaogopa kisu?

"Kisu hapana. Naogopa nikishaona," alisema. "Sasa hivi nikipapasa mkate naweza kujidanganya kwamba ni mzima. Nikipona, nitaona kila kitu, na nitaanza kuikumbuka ile ya nyuma. Abuna anasema imeshapokelewa. Sawa, imepokelewa. Lakini mimi ndiye niliyeipeleka."

Nargis, aliyekuwa anachambua dengu pembeni, alimwambia asimchoshe mgeni. Wanis akatabasamu kidogo na kuikunja karatasi.

"Mpango wangu ni Jumapili ijayo tu, siwezi kufikiri mbali zaidi," alisema. "Nitafunga tangu usiku, nitakanda. Halafu nitapanga foleni na wenzangu. Najua nitakuwa natetemeka, najua watanitazama. Nikifika mbele nitafungua mdomo. Nikipewa, nitakula."